Mtoto wa jicho: maswali yenu kuhusu lenzi

Utando wa mama unaweza kukwanguliwa? (Wete)
Hapana. Mtoto wa jicho ni lenzi yenyewe, iliyo nyuma ya mboni, imepoteza uangavu. Nyama inayoota juu ya weupe wa jicho ni maradhi mengine. Tafadhali msitie asali wala maji ya majani: hayaifikii lenzi, na yanaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho, yaani sehemu angavu ya mbele.

Seli za lenzi hujuaje kazi zake? (mwanafunzi, Chake Chake)
Kwa ishara. Mbele ya lenzi pana safu moja ya seli. Nyuma zimejaa nyuzi, yaani seli ndefu. Protini iitwayo FGF ndiyo inayoziamuru. Watafiti McAvoy na Chamberlain walionesha mwaka 1989, kwa seli za panya, kwamba kipimo ndicho chenye neno: kidogo, seli hugawanyika, kikiongezeka, huhama, kikizidi zaidi, hugeuka nyuzi. Uzi ukikomaa hutupa kiini chake ili mwanga upite, ukabaki umejaa protini za kristalini. Uangavu huo una gharama: bila kiini, hakuna protini mpya. Kristalini za katikati ya lenzi ya mzee wa miaka 70 ni zile alizozaliwa nazo. Umri, kisukari, sigara na jua huziharibu, zikagandana na kutawanya mwanga.

Babu alipasuliwa, sasa ukungu umerudi. (Makunduchi)
Mtoto wa jicho hajarudi. Daktari hutoa lenzi na kuacha mfuko wake ubebe lenzi ya bandia. Seli zilizosalia mfukoni, zikichochewa na protini nyingine ya ishara, TGF-beta, hugeuka kama seli za kovu na kutambaa hadi ukuta wa nyuma wa mfuko, zikautia ukungu. Mwanga wa leza, aina ya YAG, hutoboa tundu katikati ya ukuta huo kwa dakika chache, bila kisu. Presha ya jicho ipimwe baadaye, maana huweza kupanda.

Matone je? (Nungwi)
Hakuna tone lililothibitishwa kumwondoa.

Mjukuu wangu ana mwezi mmoja na mboni nyeupe. Tusubiri akue? (Mkoani)
Bibi, mpelekeni kwa daktari wa macho wiki hii hii. Weupe huo unaweza pia kuwa saratani ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), nayo huua. Ikiwa ni mtoto wa jicho mzito katika jicho moja, upasuaji hulengwa karibu na wiki ya 6. Akiwa macho yote mawili, kabla ya wiki ya 10. Ubongo usiopokea picha mapema haujifunzi kuona, hata lenzi itolewe vizuri kiasi gani baadaye.