Baraza ya Matofali: Gharama Zake

SWALI: Nataka kutandaza matofali ya pevingi nyuma ya nyumba yangu, Mukono, mita 5 kando ya ukuta kwa mita 4. Fundi amenitajia jumla tu. Nitahakikishaje hesabu yake?

JIBU: Ndugu msomaji, eneo lako ni mita za mraba 20, na kwa kuwa matofali ya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika kila mita ya mraba, unahitaji 1,000, ambayo nakusihi uyafanye 1,100, kwani ya pembeni hukatwa na mengine huvunjika njiani. Unene wa sentimita 6 unatosha pasipopita gari. Tabaka la chini la moramu, yaani udongo wa changarawe, la sentimita 10 ni mita za ujazo 2, lakini agiza 2.5, maana hushuka inaposhindiliwa. Mchanga wa kulazia matofali juu yake, wa sentimita 3, ni mita za ujazo 0.6. Mchanga huuzwa kwa tripu, basi pima bodi ya lori kwa tepu kabla haujamwagwa.

Fundi akuandikie kila bei peke yake, zikiwemo kingo za zege za mita 13 kwa pande tatu zisizo na ukuta, ambazo wengi huzisahau mpaka matofali yaanze kuachana. Sisitiza pia mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita kutoka ukutani, ili mvua za Aprili zisituame mlangoni.