Jina Lako, Sura Yako, Pesa ya Nani?

Maswali ya leo yote yanahusu jambo moja: wanamichezo wa vyuo vya Marekani kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Wengi walioandika wana mtoto, ndugu au jirani huko, kwa hiyo si habari ya mbali. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Jina ni mali ya mwenye nalo, na anayelitumia kuuzia bidhaa amlipe.

Zamani si ilikuwa marufuku mwanafunzi kupokea pesa za mchezo? Nini kilibadilika? (Msomaji, Mombasa)

Ilikuwa marufuku, tena marufuku kali. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko tangu mwaka 1906, kilishikilia kwamba mwanafunzi ni mchezaji wa ridhaa na hapaswi kupata hata senti kutokana na mchezo wake. Mwaka 2010 A.J. Green, mshambuliaji wa futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Georgia, aliuza jezi yake aliyoivaa mwenyewe kwa dola 1,000. Akafungiwa mechi 4. Mwaka 2017 Donald De La Haye, mpigaji mpira katika timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Central Florida, alikuwa na chaneli yake YouTube iliyomwingizia pesa. Akaambiwa achague: chaneli au timu. Alikataa masharti aliyopewa, akapoteza nafasi ya kucheza na udhamini wa masomo pamoja nayo.

Mabadiliko yalitoka mahakamani. Ed O'Bannon, bingwa wa mpira wa kikapu akiwa na chuo cha UCLA mwaka 1995, aliona mchezaji ndani ya mchezo wa video: umbo lake, namba yake 31, mkono wake wa kushoto. Kampuni iliuza, NCAA ikapata chake, yeye hakupata kitu. Alifungua kesi mwaka 2009, na mwaka 2014 Jaji Claudia Wilken akaamua kwamba kanuni za NCAA zilivunja sheria ya ushindani wa biashara. Mwaka 2019 jimbo la California likapitisha sheria ya kuwaruhusu wanamichezo wauze jina lao. Tarehe 21 Juni 2021, katika kesi ya Alston, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliiangusha NCAA kuhusu kikomo ilichowekea mafao ya masomo ya wanamichezo. Mmoja wao, Jaji Kavanaugh, akaongeza kwamba NCAA haiko juu ya sheria. Siku kumi baadaye, 1 Julai, NCAA ikafungua mlango: wanamichezo wakaruhusiwa kuuza jina lao.

Hatua ya karibuni ni ya tarehe 6 Juni 2025. Jaji yuleyule Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA: dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa miaka iliyopita, na ruhusa kwa chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa masomo wa 2025/26. Kwa hiyo sasa kuna mifuko miwili, wa kampuni na wa chuo chenyewe. Tuitenganishe, maana maswali mengi huichanganya.

Mtoto anasomeshwa bure, analala bure, anakula bure. Anataka nini tena? Huku kwetu watu wanauza shamba walipe karo. (Mzazi, Nyamira)

Mzee wangu, uchungu wa karo naujua, na sitaudharau. Lakini hiyo "bure" tuiangalie vizuri.

Kwanza, wengi hawasomeshwi bure kamili. Katika riadha ya wanaume, kwa miaka mingi timu ya daraja la juu iliruhusiwa udhamini 12.6 tu, na kocha aliugawanya kwa wakimbiaji, warukaji na warushaji wote. Mmoja alipata nusu, mwingine robo. Pili, udhamini wa mwaka mmoja unaohuishwa kila mwaka ni jambo la kawaida huko, na mwaka ukiisha unaweza usihuishwe. Tatu, chakula. Mwaka 2014 Shabazz Napier, aliyekipa Chuo Kikuu cha Connecticut ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuna usiku alilala njaa. Baada ya hapo ndipo NCAA ikaondoa kikomo cha milo ambayo chuo kingeweza kuwapa wanamichezo.

Sasa tazama upande wa pili wa meza. Haki za televisheni za mashindano ya kikapu ya Machi ziliuzwa mwaka 2010 kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Texas A&M ilipomfukuza kocha Jimbo Fisher mwezi Novemba 2023, ilibidi ikubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke, asifundishe! Pesa hizo zilikuwepo muda wote. Kila mtu uwanjani alizigusa, kuanzia kocha hadi mtangazaji, isipokuwa kijana aliyevunjika goti.

Na kuna hoja moja ambayo sijaona jibu lake. Mwanafunzi wa muziki mwenye udhamini kamili angeweza kurekodi wimbo, akauza, na hakuna aliyemwambia amepoteza usafi wa masomo. Kwa nini mkimbiaji azuiwe? Karo ni malipo ya kuichezea timu. Sura yake haikuwa sehemu ya mapatano hayo.

Kumbuka pia kwamba kati ya wanaocheza futiboli ya vyuo, wanaofika NFL, ligi ya kulipwa, ni chini ya asilimia 2. Kwa wengi, miaka ile minne ndiyo pekee ambayo jina lao litakuwa na bei. Kumzuia mtu kuuza katika miaka hiyo ni kumzuia maisha yake yote.

Henry Rono angekimbia leo, angetajirika? (Msomaji, Kapsabet)

Swali hili limenigusa kuliko yote. Kwa wasiomjua: Henry Rono, kijana wa Nandi, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State, Marekani, mwaka 1978. Tarehe 8 Aprili alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Berkeley. Mwezi Mei akavunja ya kuruka viunzi na maji mita 3,000 kule Seattle, Juni ya mita 10,000 kule Vienna, na tarehe 27 Juni ya mita 3,000 kule Oslo. Rekodi 4 ndani ya siku 81. Hakuna mwanariadha aliyerudia jambo hilo tangu wakati huo. Michezo ya Olimpiki hakuiwahi, kwa sababu Kenya ilisusia ile ya 1976 na ya 1980. Baadaye pombe ilimsumbua, na kuna kipindi alibeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Alirudi nyumbani mwaka 2019, akafariki Februari 2024.

Sisemi pesa ingemponya pombe. Nasema kwamba katika siku zile 81 dunia nzima ilitaja jina lake, na kanuni za ridhaa, za chuo na za riadha ya dunia, zilimnyima haki ya kuligeuza jina hilo kuwa akiba.

Je, leo ingekuwa tofauti? Kwa Mmarekani, ndiyo kabisa. Kwa kijana wa Nandi mwenye viza ya mwanafunzi, bado hapana, au si kwa urahisi. Ndiyo maana swali linalofuata nimelipa nafasi kubwa.

Shikamoo. Binti yangu anakimbia chuo kimoja huko kwa viza ya mwanafunzi. Duka la viatu linataka apige picha za tangazo, limlipe dola 800. Asaini? (Mama, Iten)

Marahaba, mama. Asisaini bado, na picha asipige.

Ruhusa ya NCAA ni jambo moja, sheria ya uhamiaji ni jambo jingine, na hii ya pili haikubadilika mlango ulipofunguliwa 2021. Viza ya F-1 humruhusu mwanafunzi kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Kazi ya nje ya chuo inahitaji kibali maalumu. Kupiga picha za tangazo, kuchapisha posti ya kulipwa, kutia saini picha dukani: afisa wa uhamiaji anaweza kuziita kazi. Akiziita hivyo, binti hapotezi dola 800 tu. Anaweza kupoteza haki ya kubaki nchini, na masomo yakaishia hapo. Akipewa viatu badala ya pesa, hayo pia ni malipo.

Wakubwa nao wamebanwa hapohapo. Zach Edey wa Purdue, Mkanada, alikuwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo mwaka 2023 na tena 2024, na viza ilimfunga mikono wakati wenzake wa benchi wakichukua mikataba. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi aliyechezea Kentucky, alitwaa tuzo hiyo mwaka 2022. Yeye alipata upenyo: Kentucky ilipokwenda kucheza Bahamas Agosti 2022, alifanya kazi zake za matangazo kulekule, nje ya ardhi ya Marekani.

Njia hiyo ndiyo ya kuangalia. Binti akirudi Iten likizo, kazi yote, yaani picha, video na hata kuchapisha, inaweza kufanyika akiwa nyumbani. Lakini hata hapo asitegemee maneno yangu wala ya kocha. Aanze na afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni, kisha wakili wa uhamiaji ausome mkataba kabla ya saini. Kocha anajua muda wa binti katika mita 5,000. Sheria ya viza si kazi yake. Na kama chuo chenyewe kinataka kumlipa kutoka mfuko wake mpya, hapo mawakili wanatofautiana, basi aombe jibu la maandishi.

Naliona jambo hili kuwa dhuluma, na nitaendelea kuliandika. Timu za mbio ndefu za vyuo vingi zimejengwa kwa miguu ya vijana wa Rift Valley. Edward Cheserek aliiletea Oregon mataji 17 ya NCAA hadi alipomaliza mwaka 2017. Haki ikipanuliwa kwa wote isipokuwa wao, ni haki iliyokatwa nusu.

Wasichana wanafaidi, au ni ya wanaume tu? (Msomaji, Arusha)

Kwenye mfuko wa kampuni, wanafaidi sana. Siku ya kwanza kabisa, 1 Julai 2021, pacha Haley na Hanna Cavinder wa Fresno State walitangaza mkataba na kampuni ya simu. Olivia Dunne, mwanasarakasi wa chuo cha LSU, aliwazidi wanaume wengi kwa sababu ya mamilioni ya wafuasi wake mitandaoni. Caitlin Clark, mcheza kikapu wa Iowa, alikuwa na Nike na Gatorade kabla hajahitimu. Kwa miongo mingi tuliambiwa hakuna anayetazama michezo ya wanawake. Wenye pesa za matangazo wamekanusha.

Mfuko wa chuo ni habari nyingine. Katika fidia ya dola bilioni 2.8, takriban asilimia 90 imepangiwa futiboli na kikapu cha wanaume, na wanawake wamekata rufaa. Wana hoja. Sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu ingali hai.

Lakini si mmeharibu michezo? Vijana wanahama timu kila mwaka kufuata pesa. (Shabiki wa Kentucky, Dallas)

Kwa sehemu, kweli. Matthew Sluka, mchezaji wa futiboli, alikiacha chuo cha UNLV katikati ya msimu wa 2024, akidai dola 100,000 alizoahidiwa hazikulipwa. Jaden Rashada, naye wa futiboli, alifungua kesi akidai aliahidiwa zaidi ya dola milioni 13 aende Chuo Kikuu cha Florida, ahadi ikayeyuka. Matajiri walioipenda timu walijifanya wanalipia "matangazo" huku wakinunua wachezaji. Hilo silitetei. Ila makocha walihama kufuata pesa miaka yote, wakawaacha vijana waliowasajili, na hakuna aliyesema wameua mchezo.

Mdogo wangu ni raia wa Marekani, anacheza futiboli, ameletewa mkataba. Tuangalie nini? (Kaka, Columbus)

Kaka, anza na urefu wa muda. Neno "milele" likiwemo katika matumizi ya picha zake, lifutwe. Angalia kama anakatazwa kufanya kazi na kampuni nyingine, na katika bidhaa zipi. Angalia asilimia ya wakala, na nani anamlipa nani kwanza.

Kisha tafuta kwa makini kipengele chochote kinachogusa mapato yake ya baadaye. Gervon Dexter wa Florida alipokea zaidi ya dola 436,000 mwaka 2022, naye akaahidi kutoa asilimia 15 ya mapato yake ya NFL kwa miaka 25. Alipofika NFL alienda mahakamani. Pesa ya namna hiyo ni mkopo, hata ikiitwa udhamini.

Kodi nayo isisahaulike. Serikali inamhesabu kama mtu aliyejiajiri: faida ikifika dola 400 kwa mwaka lazima ajaze fomu, na kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3, kabla hata ya kodi ya mapato. Kampuni haimkati kitu mapema, basi ajikate mwenyewe, aweke kando theluthi moja ya kila hundi. Kama anapata msaada wa serikali wa masomo, aulize ofisi ya chuo kama mapato haya yataupunguza. Na tangu suluhu ya 2025, mkataba wa dola 600 au zaidi kutoka nje ya chuo lazima uripotiwe kwenye mfumo uitwao NIL Go, ambako unapimwa kama ni tangazo la kweli. Asiporipoti, anahatarisha nafasi yake ya kucheza.

Wakikuambieni msaini leo jioni la sivyo nafasi imepita, iacheni ipite.