Usiruke Sura ya Ugomvi: Jibu kwa Msomaji wa Riwaya za Mapenzi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Ahero, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, ambaye amechoka kusimangwa. Anapenda riwaya za mapenzi za siku hizi, zile za wafanyakazi wawili wasiopatana wanaoishia kupendana, na zile za msichana anayeondoka kijijini kwenda chuo kikuu akajikuta hajijui tena. Huzisoma katika simu usiku, huzisoma ndani ya matatu, na kwa maelezo yake mwenyewe hulia hadi macho yakavimba. Dada yake mkubwa anamwambia kwamba vitabu hivyo vitamharibia ndoa kabla hajaipata. Aliniuliza swali moja tu: je, kuna namna ya kuzisoma riwaya hizi zikamfaa mtu, au ni kupoteza wakati kama dada anavyosema?

Namna ipo, mdogo wangu, tena ni nyepesi kuliko unavyodhani: isome sura ya ugomvi mara mbili. Wasomaji wengi wa riwaya za mapenzi hufanya kinyume. Hukimbilia busu la kwanza na kulirudia, kisha wakifika pale wapenzi wanapokosana, huruka kurasa na kuchungulia mwisho ili wahakikishe kwamba watarudiana. Watarudiana, bila shaka. Hiyo ndiyo kanuni ya fani yenyewe, kwani hadithi isiyoishia kwa furaha, au angalau kwa matumaini, wachapishaji wa riwaya za mapenzi huiweka katika fungu lingine. Ikiwa basi mwisho unajulikana tangu jaladani, kinachostahili kusomwa kwa makini ni njia iliyowafikisha watu wawili wanaopendana mahali pa kutosemezana.

Jambo hili sikufundishwa darasani. Nililipata bwenini, nikiwa kidato cha pili katika shule moja ya wasichana huku magharibi ya Kenya, ambako vile vitabu vyembamba vya Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka wa 1908, vilipita kutoka kitanda hadi kitanda vikiwa vimevishwa magazeti na kuandikwa juu yake "Biolojia". Kitabu kimoja kilisomwa na bweni zima, na kilipofika zamu yangu kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka zamani na hakuna aliyejua zilikokwenda. Katika riwaya za aina hii ugomvi mkubwa huja mwisho ukikaribia, robo tatu ya kitabu ikiwa imekwisha kusomwa, kwa hiyo kwetu sisi hadithi iliishia pale pale bwana anapoufunga mlango na bibi anabaki sebuleni na barua ambayo hajaifungua.

Basi tulibishana. Taa zikishazimwa, tulikaa juu ya vitanda vya chini tukinong'onezana kama wazee wa baraza wanaoamua kesi ya mpaka wa shamba: nani alipaswa kuomba radhi, nani aliyeficha neno, na ni wapi hasa mambo yalipoanza kuharibika. Mtu akidai kwamba bwana ndiye mwenye makosa, aliambiwa atoe ushahidi, naye alirudi nyuma na kurunzi chini ya blanketi hadi ukurasa ambapo bibi aliulizwa swali mezani akajibu kitu kingine. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba ugomvi hauzuki siku unapolipuka. Mwandishi mzuri huwa ameshaupanda mapema, katika sentensi ndogo ambayo msomaji mwenye haraka huipita.

Kitabu hicho kilikamatwa mikononi mwangu. Naibu wa mwalimu mkuu alikipeleka kwenye gwaride la asubuhi, akanisimamisha mbele ya shule nzima, akatafuta ukurasa wenye busu na kuusoma kwa sauti ya kejeli hadi wasichana wa kidato cha nne, ambao wengi wao walikuwa wameshakisoma, wakacheka kuliko wote. Mama yangu aliitwa siku ya soko. Aliacha dagaa wake kwa jirani, akaja kuambiwa kwamba binti yake ana akili chafu. Alipouliza kitabu kinahusu nini, hakuna mtu ofisini mle aliyeweza kumjibu, kwa sababu walikuwa wamesoma ukurasa ule mmoja tu. Mwalimu yule bado yu hai, na tukikutana mjini hunisalimu kwa uchangamfu na kuniita mwandishi. Mimi humwitikia kama adabu inavyotaka. Lakini mwezi jana, nilipoalikwa na shule nyingine kuzungumza na wasichana kuhusu usomaji, nikapewa kipaza sauti na chupa ya maji na kiti cha mbele pamoja na wageni wa heshima, nakiri kwamba nilitamani awe ameketi kule nyuma.

Niliwaeleza wasichana wale habari za Rosa. Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka wa 1971, hadithi ya msichana wa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika Ziwa Victoria hili hili tunalolitazama kila siku hapa Kisumu. Baba yake, Zakaria, anagundua barua aliyoandikiwa na mvulana, naye anampiga vibaya sana. Rosa anakua akiwaogopa wavulana, bila kufundishwa lolote kuhusu moyo wake wala mwili wake, na anapofika chuoni, mbali na fimbo ya baba, hana chombo chochote cha kujiongozea. Anaangamia. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ilidhaniwa itawaharibu vijana, ilhali inachoonyesha ni jinsi kijana anavyoharibiwa na nyumba isiyozungumza. Wazazi wanaoniandikia wakilalamika kuhusu mabinti zao na riwaya wangeanzia hapo. Sura ya fimbo isomwe mara mbili, nayo pia.

Si lazima ugomvi uwe wa kelele. Katika Normal People ya Sally Rooney wa Ayalandi, iliyotoka mwaka wa 2018, Connell na Marianne wanaachana bila mtu kupandisha sauti. Connell ni mtoto wa mama anayefanya kazi ya kusafisha nyumbani kwa kina Marianne. Likizo ndefu inakaribia, hana tena pesa ya kodi mjini Dublin, na anachotaka ni kumwomba Marianne wakae pamoja kwake. Neno linamkwama. Anamwambia tu kwamba atarudi kwao, na Marianne anaelewa kwamba ameachwa. Ni hayo tu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimkasirikia Connell kwa ujinga wake. Niliporudia ndipo nilipoona kwamba jambo lenyewe lilikuwa pesa, na kwamba pesa hiyo ilikuwa imekaa kati yao tangu kurasa za mwanzo, kwa kuwa mmoja hakuwahi kulazimika kuifikiria na mwingine hakuweza kuisahau.

Sasa nije nyumbani kwangu, na mume wangu ameniruhusu kulieleza hili. Yeye ni fundi wa injini za mashua upande wa Dunga. Kuna wakati ofisi moja iliyompa kazi kubwa ilichelewesha malipo yake mwezi baada ya mwezi. Mimi sikuambiwa. Nilichokiona ni mtu anayerudi usiku, anayemega ugali mara chache kisha ananawa mikono omena wakiwa bado wamejaa sahani, na ambaye kila akiulizwa hujibu, "Niko sawa." Halafu jioni moja akasema kwamba huenda akaenda kukaa kwa kaka yake Nakuru kwa muda. Alisema hivyo tu, bila sababu, huku anatazama runinga. Rafiki zangu wangeniambia kwamba kuna mwanamke Nakuru. Shangazi zangu waliniambia hivyo hasa, tena kwa simu ya masafa marefu. Mimi nilikaa, nikayarudisha nyuma mazungumzo yetu kama nilivyozoea kurudisha kurasa, nikakumbuka kwamba kila mara mwenye nyumba alipotajwa, mume wangu alikuwa akitoka nje kwenda kuangalia tangi la maji. Nikamuuliza, "Baba watoto, ni kodi?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akazima runinga, akaniambia yote: deni la mwenye nyumba, deni la vipuri, na jinsi alivyokuwa amepata kibarua katika gereji Nakuru lakini akaona aibu kunieleza kwa nini anakihitaji. Simaanishi kwamba riwaya ilitulipia kodi. Kodi tuliilipa kwa mkopo wa chama changu cha akina mama, na Nakuru hakwenda. Ninachosema ni kwamba nilijua pa kutazama. Wale walionicheka kwa kusoma "hadithi za busu" hawakujua, na baadhi yao, kwa bahati mbaya, nyumba zao hazipo tena.

Kwa hiyo soma sura ya ugomvi mara mbili. Mara ya kwanza isome kwa moyo, ulie ukitaka, wala usione haya. Mara ya pili tafuta neno lililomezwa: ni nani alitaka kusema nini, na kilichomzuia ni pesa, ni aibu, ni mama mkwe, au ni kiburi tu. Ukilipata, rudi nyuma utafute ukurasa ambapo lilimezwa kwa mara ya kwanza, maana karibu kila mara lipo. Nawaambia wanafunzi wangu wa Jumamosi jambo hili hadi wananichoka.

Na usidhani kwamba hayo ni ya Wazungu. The River and the Source ya Margaret Ogola, daktari wa watoto aliyeichapisha mwaka wa 1994, wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya mtihani, tukakariri maudhui na mbinu za uandishi, na hatukutambua kwamba sehemu yake ya kwanza ni hadithi ya mapenzi iliyokamilika. Owuor Kembo, chifu wa Sakwa, anatoa ng'ombe thelathini kwa ajili ya Akoko wa Yimbo, kisha anakataa kuoa mke wa pili licha ya manung'uniko ya watu wake. Mama mkwe anamzushia Akoko maneno ya uchawi. Akoko hapigi kelele. Anarudi kwao, na shauri linawekwa mbele ya wazee, huku akidai mali aliyoichuma kwa jasho lake ihesabiwe hadharani. Nimekutana na wanawake wa Bondo waliopita mtihani huo kwa alama za juu ambao sehemu hiyo hawaikumbuki kabisa. Isomeni tena, bila kalamu ya mtihani mkononi, muone jinsi mwanamke anavyoweza kukasirika kwa utaratibu na bado akarudi kwa mume anayempenda.

Hapa lazima niwe mkali kidogo, kwa sababu wasichana wengi wananiandikia wakiwa wamechukua kisichofaa na kuacha kinachofaa. Mwanamume wa riwaya anayemfuata mwanamke kazini, nyumbani na kanisani baada ya kukataliwa, hata kama mwandishi amempa mabega mapana na gari la bei ghali, ni msumbufu. Mwandishi anajua kwamba atabadilika kabla ya sura ya mwisho, kwa kuwa yeye ndiye anayemwandika. Wewe huna kalamu hiyo juu ya mtu wa kweli. Tajiri mwenye dharau anayelainishwa na upendo wa karani wake anauza vitabu vingi sana, nami nimevisoma, nimevifurahia, lakini binti yangu akiniletea mtu wa namna hiyo nitamsindikiza mgeni hadi stendi ya boda mwenyewe. Mwanamume wa kumchunguza ni yule anayejua kurudi baada ya ugomvi na kusema bila kuzungukazunguka kilichomkwama. Na namna ya kumtambua, nitasema tena, ni kusoma sura ya ugomvi mara mbili.

Kuhusu dada yako, usimfiche vitabu na usibishane naye jikoni. Msomee sura moja kwa sauti, umuulize nani mwenye makosa, na unyamaze. Mtu akishatoa hukumu ataitetea, na akiitetea atataka kujua kilichotangulia.

Vitabu havihitaji pesa nyingi. Maktaba ya umma ipo hapa Kisumu, na wauzaji wa vitabu vya mitumba kando ya barabara huvipanga kwa unene wala si kwa aina, hivyo ukiwa na subira utaipata riwaya nzuri imebanwa katikati ya vitabu vya uhasibu, kwa bei ya vitabu vya uhasibu ambavyo hakuna anayevitaka. Hakikisha tu kwamba kurasa zote zimo kabla hujatoa pesa.

Tena usisome peke yako. Kundi letu hukutana Jumamosi alasiri, na ukiwa Kisumu karibu, chai ipo. Tulianza wanawake watupu, lakini siku hizi wamejiunga wanaume wawili. Mmoja husema kwamba amekuja kumsindikiza mkewe tu, ila juzi ndiye aliyesimama, kitabu mkononi na kidole juu ya sentensi, akisisitiza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba bibi ndiye aliyepaswa kuomba radhi kwanza, huku mkewe akimwambia akae chini asome ukurasa uliotangulia.