Kupe hawaishi kwenye mwili wa mbwa tu

SWALI: Mbwa wangu amejaa kupe masikioni na katikati ya vidole. Nilimpaka mafuta ya taa, kupe wakapungua kwa wiki moja, ngozi ikachubuka, na sasa wamerudi. Nifanyeje? – Msomaji, Mikindani

JIBU: Pole, na mpe pole huyo mbwa. Mafuta ya taa acha kabisa: yanaunguza ngozi, na akijilamba yanamdhuru tumboni na kwenye mapafu.

Kupe wamerudi kwa sababu walikuwa ukutani. Kupe jike wa mbwa akishiba hushuka, hupanda ukuta na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Nyumba ya miti na udongo ina nyufa tele, kwa hiyo ziba nyufa za banda, choma gunia analolalia, kisha nyunyizia dawa ya kuua kupe ukutani pia.

Waliomganda wang'oe kwa kibano: shika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, tumbukiza kwenye spiriti. Usiwapasue kwa kucha.

Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi (kemikali ya kuua kupe) ya asilimia 12.5 changanya mililita 2 kwa lita 1 ya maji, ukivaa glavu. Usimsuuze, mwache akauke kivulini, asijilambe. Rudia baada ya siku 14. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 4, mbwa mwenye mimba na paka wasiguswe nayo.

Fizi zikipauka, akigoma kula au akitoka damu puani, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Hiyo yaweza kuwa homa ya kupe, na kuogesha hakuitibu.