Kabla hujanunua flashi nyingine ya kupigia wadudu

Msomaji wa Masasi amenitumia picha ya maji moto, yule sisimizi anayeshona viota vya majani, kaipiga saa sita mchana kwenye jani la mkorosho. Amemkaribia vizuri, papasi zote mbili zinaonekana. Ila mgongoni mwa mdudu kuna doa jeupe lililoungua, chini ya picha kuna kivuli cha nusu duara, na nyuma ni giza tupu utadhani kapiga usiku wa manane. Swali lake: anunue flashi gani?

Asinunue. Flashi aliyonayo, hata ile ya bei ya chini ya Kichina, ina nguvu ya kumwagia mwanga ukumbi wa harusi. Mdudu wa sentimita moja hahitaji nguvu, anahitaji mwanga mpana ulio karibu. Doa jeupe ni uso mdogo wa flashi unaojiona kwenye gamba linalong'aa. Kivuli cha nusu duara ni cha lenzi yenyewe, kwa sababu flashi imekaa nyuma juu ya kamera na mdomo wa lenzi umeshamfikia mdudu. Lenzi ya mm 100 ikiwa kwenye moja kwa moja (1:1), yaani mdudu ana ukubwa uleule kwenye sensa ya kamera, inabakiza kama sentimita 13 hadi 15 tu kati ya kioo cha mbele na mdudu. Mwanga wa kutoka juu ya kamera unapitia wapi?

Dawa ni difyuza, yaani kifaa cha kutawanya mwanga wa flashi, na ya kutengeneza mwenyewe inatosha. Chukua boksi jepesi, likunje liwe kama faneli: upande mmoja uingie kichwa cha flashi bila kulegea, upande wa pili ufunguke kama sentimita 15 kwa 18. Ndani bandika foili ya jikoni, upande unaong'aa uangalie ndani. Mdomoni weka ile sponji nyembamba nyeupe inayofungiwa televisheni mpya. Mafundi wa umeme wanaitupa kila siku, omba. Kisha ndani zaidi, sentimita 3 au 4 nyuma ya ile ya kwanza, weka tabaka la pili. Nafasi hiyo ya katikati ndiyo watu wanaipuuza, wanagandamiza tabaka mbili pamoja na kushangaa doa halitoki. Mwanga unahitaji nafasi ya kutawanyika kabla ya kufika tabaka la nje. Dumu jeupe la maziwa lililokatwa nalo linafaa. Dumu la njano la mafuta ya kula liache, litakupa wadudu wenye homa ya manjano.

Faneli ivuke mdomo wa lenzi na iiname kumwangalia mdudu, ibaki kama sentimita 8 kutoka kwake. Kama kichwa cha flashi yako hakiinami mbele kiasi hicho, tumia waya wa kuunganishia flashi au triga, kile kifaa cha kuiwasha flashi bila waya, na flashi ishikwe na mkono wa chuma wa pembeni.

Jaribu kwanza na kijiko cha chai. Kipindue, upige picha mgongo wake, halafu kuza picha uangalie mwanga unavyojiona pale. Ukiona duara kali katikati na kingo za kijivu, tabaka bado halitoshi au nafasi ni ndogo. Ukiona kipande kimoja cheupe chenye weupe sawa mpaka pembeni, nenda shamba. Mgongo wa mbawakavu utakuonyesha kilekile ulichokiona kwenye kijiko.

Mipangilio ya kuanzia: kamera kwenye M (unapanga mwenyewe), shata 1/200 ya sekunde, tundu la lenzi f/11, ISO 200, flashi nayo kwenye M, nguvu 1/16. TTL, ile ya flashi kujipangia nguvu yenyewe, iache, gamba jeusi na jani jeupe vitaichanganya kila picha. Sababu ya kubaki chini kwenye 1/16 ni muda wa mwako: kadiri nguvu inavyopungua ndivyo mwako unavyokuwa mfupi, na ni ufupi huo unaogandisha miguu ya mdudu, wala si shata. Picha ikiwa nyeusi, panda ISO 400 kabla hujagusa nguvu ya flashi. Usipeleke shata juu ya kiwango cha kamera kwenda sambamba na flashi, ambacho kwa nyingi ni 1/200 au 1/250. Ukivuka utapata mkanda mweusi upande mmoja. Na usikimbilie f/22 ukitafuta kina cha sehemu inayoonekana wazi. Kwenye 1:1 f/11 inafanya kazi kama f/22 tayari, ukibana zaidi picha nzima inalainika.

Sasa lile giza la nyuma. Mwanga ukienda umbali mara mbili, unabaki robo. Mdudu akiwa sentimita 8 kutoka kwenye difyuza, na jani la nyuma likiwa sentimita 40 nyuma yake, jani linapata kwa makadirio sehemu moja kati ya 36. Chini ya kivuli cha mkorosho hakuna jua la kusaidia, ndiyo maana giza. Weka jani lingine sentimita 5 hadi 10 nyuma ya mdudu. Jani bichi linatoa kijani cha kawaida. Mimi napendelea jani kavu la mkorosho, ule udhurungi unamkaa vizuri maji moto.

Juani tatizo linageuka. Mwanga wa jua unaingia kwenye picha pamoja na wa flashi, na upepo wa kusi ukitikisa tawi unapata mdudu anayeonekana wazi, mwenye mzimu wake uliofifia pembeni. Mtie kivuli kwa mwavuli au kanga. Tawi libane kwa kibanio cha nguo kwenye mti uliochomeka ardhini. Fokasi iweke kwa mkono, halafu songa mwili wako taratibu mpaka jicho la mdudu lionekane wazi.

Maji moto usimpumulie, pumzi inamshtua naye anawaita wenzake. Viota vyao vya majani yaliyoshonwa visibomolewe kwa ajili ya picha. Wanawinda mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza mikorosho, na mwenye shamba ana haki ya kukufukuza. Omba ruhusa kwanza, hata kama shamba ni la mjomba.

Msimu wa kupulizia salfa, ule unga wa dawa ya ukungu wa mikorosho, kaa mbali na shamba linalopuliziwa siku hiyo. Unga unaoelea unapigwa na flashi na kujaa kwenye picha kama nukta nyeupe, na ukiufuta kwenye kioo kwa kitambaa unakikwaruza. Upulize kwa mpira wa hewa.

Ukitoka Msimbati au kwenye mikoko ya Mikindani, toa betri zote kwenye flashi siku hiyohiyo na ufute vyuma vya mguso kwa kitambaa kikavu. Chumvi ya pwani inaanzia pale, na flashi inayowaka mara moja ikakataa mara tatu mara nyingi haijafa, ni kutu tu. Betri za kuchaji za AA nunua seti mbili, usichanganye mpya na za zamani.