Bastola ndogo ya kubeba kazini Texas

Ndugu yangu, nimeelewa kwamba hufunga duka usiku peke yako huko Houston na unatafuta bastola isiyoonekana chini ya shati. Kabla ya kununua, soma kanuni za mwajiri wako, kwa kuwa sheria ya Texas humruhusu kukataza silaha ndani ya jengo. Na ikiwa unaishi Marekani kwa viza ya muda, muone wakili kwanza. Mimi niliacha bastola ndogo mno, iliyofichika vizuri lakini ikaniruka mkononi kila nilipofyatua, nikachukua SIG Sauer P365 ya milimita 9, yenye kubeba risasi 10. Usiitie kamwe mfukoni bila ala ngumu inayofunika kifyatulio, na ujifunze kwa mkufunzi kabla ya kuibeba.