Maswali ya Kihispania: Nani aliyemzamisha tembo?

Wiki hii karibu barua zote zinahusu kauli ya kutendwa. Nimechukua saba. Zilizobaki zilikuwa swali lilelile limebadilishiwa kanzu.

Mwalimu, shikamoo. Kwenye jaribio niliandika «Yo fui dado un libro» nikimaanisha «nilipewa kitabu». Nimekatwa alama zote. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Umekosea kuanzia neno la kwanza. Katika Kihispania kinachoweza kugeuka kuwa kiima ni kile kitu kilichotolewa, basi. Aliyepewa habebwi na *ser* (kitenzi «kuwa», ndicho kinachozaa *fui* na *fue*) hata umbembeleze vipi. Sema «Me dieron un libro», yaani «walinipa kitabu», na hao «wao» hakuna atakayekuuliza ni akina nani. Vivyo hivyo niliambiwa ni «me dijeron», nililetewa chai ni «me trajeron té», na nimeibiwa simu ni «me robaron el teléfono».

Najua kilichokuponza. Kiswahili kinaruhusu «nilipewa», Kiingereza nacho kinaruhusu, basi ukaona wawili wakikubaliana hakuna ubishi. Nimesema humu mpaka nimechoka: acheni kujifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza. Unavuka mito miwili kwenda shamba lililo nyuma ya nyumba yako.

«Fue cerrada» na «está cerrada» zina tofauti gani? (Nkuhungu)

Hili nimelijibu zaidi ya mara moja, na hii iwe ya mwisho. Umefika sokoni Majengo jioni, ukakuta kufuli mlangoni. «La tienda está cerrada», duka limefungwa, ndiyo hali uliyoikuta. Sasa jirani akueleze kwamba saa nne asubuhi walikuja watu na mnyororo wakalifunga kwa sababu ya deni: «La tienda fue cerrada.» Hapo kuna tukio, kuna saa, kuna mkono wa mtu. Kiswahili kinatumia «limefungwa» kwa yote mawili, ndiyo maana mnasumbuka. Kabla ya kuandika jiulize: nasimulia kilichotokea, au naeleza nilichokikuta?

Nauza zabibu. Kwenye kibao niandike «Se vende uvas» au «Se venden uvas»?

«Se venden uvas». Zabibu ni nyingi, kitenzi kinazifuata. Ukiuza na mvinyo: «Se vende vino».

Mimi naongoza wageni kwenye michoro ya mwambani ya Kondoa. Nikisema «Las pinturas fue pintado con los antiguos», nikimaanisha «michoro ilichorwa na watu wa kale», Wahispania wanatabasamu. Kuna tatizo?

Yako matatu, ndugu yangu. Kwanza *fue* ni ya kimoja, nawe una michoro mingi: *fueron*. Pili, *pinturas* ni jinsia ya kike na ni wingi, kwa hiyo *pintadas*. Mtu anayesema «michoro ilichorwa» na «picha zilichorwa» bila kufikiri hana haki ya kulalamikia upatanisho wa *-o, -a, -os, -as*. Ngeli zetu ni nyingi kuliko hizo! Tatu, «na» yetu imekudanganya. Mtenda anakuja na *por*. *Con* ni ya kifaa au malighafi. Na kwa kuwa «pinturas pintadas» inagonga sikio, tumia *hacer*, «kufanya»: «Las pinturas fueron hechas por los antiguos con ocre», na *ocre* ni udongo wa rangi.

Umeona *hechas*? Kuna maumbo machache ya kutendwa yasiyofuata miisho ya kawaida *-ado* na *-ido*, kama ya *dado*, nayo ndiyo yanayotumika kila siku: *escrito, hecho, abierto, roto, visto, puesto, dicho, cubierto*. Yakariri. Ila yakikaa na kitenzi kisaidizi *haber* hayabadiliki: «he escrito la carta», nimeandika barua, kamwe si *escrita*.

Wageni wakitaka kumwagia maji mwambani ili rangi ionekane vizuri pichani, wakatalie. Eneo hilo liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na maji yanaharibu. Sentensi yake hii hapa, tena fupi: «Se prohíbe mojar las pinturas.»

«Nilizaliwa Mpwapwa» ni «Fui nacido en Mpwapwa»?

«Nací en Mpwapwa.» Na kabla hujaniandikia tena: dada yako aliyeolewa «se casó», na kaka yako aliyeoa naye «se casó». Mashangazi watajua wenyewe la kufanya.

Unatuambia tupunguze «ser», lakini watangazaji wa mpira wa Hispania nasikia «fue expulsado» kila mechi. Nani mkweli?

Sote. *Ser* ya kutendwa ni nguo ya kazini: magazeti, mahakama, historia, watangazaji. «En 1973 Dodoma fue elegida capital» inapendeza kitabuni. Kijiweni, mchezaji yuleyule aliyetolewa kwa kadi nyekundu ni «lo expulsaron». Kwetu *-wa* ni ya bure, tunaimwaga kila mahali. Kwao ina bei.

Programu ya simu imenifundisha «La taza fue rota» kwa «kikombe kimevunjika». Ni sahihi?

Kisarufi inapita, ila umeigeuza chai kuwa kesi ya polisi. «Kimevunjika» ina *-ika*, nayo dawa yake ni *se*: «La taza se rompió.» Mtoto yeyote aliyeangusha sahani anaijua sarufi hii. Hajawahi kusema «nimeivunja».

Sasa sogea karibu, maana hapa ndipo Kiswahili kinakulipa. Gari limekufia njiani ukienda Morogoro, unasema «nimeharibikiwa na gari Gairo». Mhispania anasema «se me averió el coche en Gairo». Nimepotelewa na simu: «se me perdió el teléfono». Nimeishiwa pesa: «se me acabó el dinero». Hata nimefiwa na babu: «se me murió el abuelo». Ile *-iwa* ya mtu aliyefikwa na jambo asilolitenda ndiyo *se me* yao. Kwa Kiingereza utazunguka mpaka uchoke, nawe unayo kinywani tangu utotoni.

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la mji huu wa Dodoma limetokana na *idodomya*, «amezama», kwa ajili ya tembo aliyekwama kwenye tope akadidimia. Mwanafunzi wangu mmoja aliitafsiri «El elefante fue hundido». Nikamuuliza: na nani? Akatazama dirishani. «Se hundió», mama. Hakusukumwa na mtu.